Kijana anayewapenda wa jinsia yake katika mji mdogo: je, ni lazima riwaya imalizike kwa safari ya kuondoka?

MLETA MADA

Wanajukwaa, salamu. Nimeleta mada hii kwa sababu naona kuna aina ya riwaya za vijana inayosomwa kwa haraka mno, kisha ikasifiwa au kulaumiwa kwa jambo ambalo si kiini chake. Nazungumzia riwaya inayomfuata kijana anayevutiwa na watu wa jinsia yake huku akikulia katika mji mdogo wa mashambani, mahali penye shule moja ya sekondari, barabara kuu moja, na jina la ukoo linalomtangulia mtu kila anakoingia. Wasomaji wengi huishia kuuliza kama kitabu kinamtetea kijana huyo au hakimtetei. Swali hilo ni halali, lakini halitufikishi mbali, kwa sababu kuna vitabu vinavyomtetea kwa maneno matamu na bado vimesahaulika kabla mwaka haujaisha.

Hoja yangu ni kwamba katika riwaya hizi mji mdogo si mandhari tu. Mji ndio unaouendesha msuko, na mwandishi asiyeuelewa hukimbilia mwisho uleule wa siku zote: kijana anapanda basi kuelekea jiji kubwa, na msomaji anaachiwa aamini kwamba sasa ndipo maisha yanaanza.

Tuanze na siri. Jijini siri hufichwa na wingi wa watu. Mtu anavuka mitaa mitatu na tayari hakuna anayemjua. Mji mdogo hauna wingi huo. Gari la baba linatambulika kwa mlio wake, na anayeuza dukani anajua nani hununua nini na siku gani. Kwa hiyo siri hulindwa kwa kimya, na kimya chenyewe ni cha pamoja: mwalimu anahisi, jirani anahisi, mama anajua tangu mtoto akiwa mdogo, na wote wamekubaliana bila kuketi kikao kwamba jambo hilo halitasemwa. Tukio zito katika riwaya ya namna hii, basi, haliwezi kuwa siku watu wanapogundua, kwa kuwa walikwisha kujua. Ni siku jambo linapotamkwa hadharani, mahali ambapo hakuna awezaye tena kujifanya hakusikia. Mwandishi anayetumia sura kumi kutujengea taharuki ya kama watagundua au hawatagundua ameazima taharuki ya jijini na kuipachika pasipoifaa.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni "Deliver Us from Evie" ya M.E. Kerr, iliyotoka mwaka 1994. Mandhari yake ni shamba la familia katika jimbo la Missouri nchini Marekani, wakati wa mafuriko makubwa ya mwaka 1993. Evie ni msichana anayeijua kazi ya shamba kuliko ndugu zake wa kiume. Anatengeneza mashine, anavaa na kutembea apendavyo, na mama yake anahangaika kumlainisha. Anampenda Patsy, binti wa mwenye benki, na benki hiyo ndiyo inayoshikilia rehani ya shamba la akina Evie. Tazameni jinsi mwandishi alivyokaza fundo: mapenzi ya wasichana wawili yanagusa moja kwa moja ardhi ambayo familia inalala juu yake. Jijini, baba aliyechukia angeweza kupiga kelele tu. Hapa baba aliyechukia ana hati ya deni mkononi.

Kisha linawekwa bango mjini likitangaza mapenzi ya wasichana hao. Bango hilo halifichui lolote ambalo wenye macho hawakuwa wamelihisi. Linalivunja lile agano la kimya. Na mmoja wa waliohusika kuliweka ni Parr, mdogo wake Evie, ambaye ndiye anayetusimulia hadithi nzima.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu siri na kimya. Lakini sikubaliani na namna unavyolitaja basi la kwenda jijini kana kwamba ni uvivu wa mwandishi. Kwa vijana wengi basi hilo lilikuwa wokovu wa kweli. Wapo waliopigwa, wapo waliofukuzwa nyumbani, na tunafahamu kilichotokea karibu na Laramie, Wyoming, mwezi Oktoba 1998, Matthew Shepard, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, aliposhambuliwa, akaachwa amefungwa kwenye ua nje ya mji, na akafariki hospitalini tarehe 12 mwezi huohuo. Kitabu kinachomwambia kijana abaki mahali panapoweza kumuua kinabeba dhamana nzito. Mimi ningependa riwaya imwoneshe mlango wa kutokea, hata kama wahakiki watalalamika kwamba mlango huo umezoeleka.

MLETA MADA

Ndugu yangu, nashukuru kwa kulisema hili kwa uzito unaostahili. Sitaki riwaya imwambie kijana yeyote abaki mahali anapopigwa. Ninachokipinga ni mwandishi kuifanya safari hiyo kuwa jibu la hadithi bila kuhesabu gharama yake.

Rejea kwa Evie. Naye anaishia kuondoka, tena kitabu hakijidai kwamba kuna njia nyingine iliyokuwa rahisi. Lakini Kerr anahakikisha tunaona kinachopotea. Parr hataki kuwa mkulima, na tumaini lake lote lilikuwa kwamba dada yake ndiye angelichukua shamba ili yeye awe huru kwenda zake. Mtu pekee aliyelipenda shamba na kuliweza ndiye anayesukumwa nje, na anayebakizwa na wajibu huo ndiye asiyelitaka. Mji haukumfukuza mgeni. Umemfukuza mkulima wake bora. Hiyo ndiyo gharama ninayoizungumzia, na riwaya inayoionesha inamheshimu kijana anayeondoka kuliko ile inayomfanya aonekane kana kwamba hakuwahi kuwa wa pale.

Kuhusu wanaobaki, wao si wachache kama vitabu vinavyotufanya tudhani. Taasisi ya Movement Advancement Project ilikadiria mwaka 2019 kwamba kati ya watu milioni 2.9 na milioni 3.8 wa jamii ya LGBT (wanaovutiwa na jinsia yao au jinsia zote mbili, na waliobadili jinsia) wanaishi katika maeneo ya mashambani ya Marekani pekee. Miongoni mwao wamo waliokosa nauli na waliofungwa na hofu, lakini wamo pia wanaobaki kwa sababu mama ni mgonjwa, au kwa sababu wanaipenda mifugo yao, kanisa lao na anga lao. Mtafiti Jack Halberstam alieleza mwaka 2005 jinsi safari ya kutoka shamba kwenda jiji ilivyogeuzwa kuwa hadithi ya kila mtu, kana kwamba kukua na kuhama ni tendo moja. Msomaji wa miaka kumi na sita ambaye hataondoka, kwa hiari au kwa kulazimika, anafunga kitabu cha namna hiyo akiwa ameambiwa kwamba maisha yake hayajaanza na pengine hayataanza.

Kuna historia hapa ambayo haina budi kutajwa. M.E. Kerr lilikuwa jina la kalamu la Marijane Meaker, na mwaka 1952, kwa jina jingine la kalamu, Vin Packer, alichapisha "Spring Fire", riwaya ya wasichana wawili wanaopendana chuoni. Mhariri wake alimweleza kwamba mapenzi hayo hayawezi kumalizika vizuri, kwa sababu vitabu vilisafirishwa kwa posta na mamlaka ya posta ingeweza kuvizuia kama vingeonekana kuyatetea. Hivyo mmoja wa wasichana akarukwa na akili, na mwingine akasema kwamba hakuwahi kumpenda kikweli. Kitabu kiliuzwa kwa nakala nyingi mno, maana wasomaji waliokuwa na njaa ya kujiona walikubali hata mwisho ule. Mwanamke huyohuyo, zaidi ya miaka arobaini baadaye, ndiye aliyemwandika Evie, msichana asiyerukwa na akili na asiyekana. Kila ninapouangalia umbali kati ya vitabu hivyo viwili nasikia heshima kubwa kwa mwandishi huyo.

Na katikati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1969, alikuja John Donovan na "I'll Get There. It Better Be Worth the Trip", ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa riwaya ya kwanza ya vijana nchini Marekani kuligusa jambo hili. Humo mvulana aliyelelewa na bibi yake huko Massachusetts anahamia New York baada ya bibi kufariki, anambusu rafiki yake, na muda si mrefu mbwa wake anagongwa na gari. Mvulana anaamini kwamba ameadhibiwa. Sheria ya posta ilikuwa imekwisha kulegea, lakini adhabu ilikuwa bado imekaa ndani ya msuko.

MCHANGIAJI WA TATU

Habari za humu. Mimi nimesoma "The Miseducation of Cameron Post" na ninaona ajabu kwamba hamjaitaja hadi sasa. Swali langu kwa mleta mada: je, kweli hicho ni kitabu cha mji mdogo? Wengi tunakikumbuka kwa sababu ya kile kituo cha dini kinachodai kuwabadili vijana wasiwapende tena wa jinsia yao, na filamu ya mwaka 2018 ilianzia karibu na hapo moja kwa moja. Nusu ya kwanza niliiona ndefu kupita kiasi. Msichana anaogelea, anakodisha kanda za video, anatembea juani. Kama kingepunguzwa kurasa mia moja kingepungukiwa na nini?

MLETA MADA

Kingepungukiwa na karibu kila kitu, na nafurahi umeliuliza.

Emily M. Danforth, aliyekiandika kitabu hicho mwaka 2012, alizaliwa na kukulia Miles City, mji wa mashariki mwa Montana wenye wakazi wapatao 8,000, na huko ndiko alikomweka Cameron. Hadithi inaanza mwaka 1989, Cameron akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Anambusu rafiki yake Irene, na muda mfupi baadaye wazazi wake wanafariki kwa ajali ya gari huko Quake Lake, ziwa lililoumbwa na tetemeko la tarehe 17 Agosti 1959 pale mlima ulipoporomoka na kuuziba mto Madison, watu 28 wakapoteza maisha katika janga hilo. Hisia ya kwanza inayompata Cameron ni nafuu, kwa kuwa sasa wazazi hawatajua kamwe. Kisha nafuu hiyo inakuwa hatia anayoibeba hadi ukurasa wa mwisho. Utaona kwamba hili ni lile fundo la Donovan, mtoto anayeamini kuwa busu limeleta kifo, lakini Danforth analiandika ili alifungue.

Sasa, kwa nini nusu ya kwanza ni ndefu? Kwa sababu tusipoishi Miles City pamoja na Cameron, kituo kile hakitakuwa na cha kumnyang'anya. Muda wa mji mdogo ni mrefu, na kijana anaujaza kwa vitu anavyovipata: hospitali tupu ya zamani anamoingia na wenzake, nyumba ya wanasesere anayoipamba kwa vitu vidogo alivyoviiba, filamu anazokodisha akitafuta ndani yake sura ya mtu kama yeye. Hakuna intaneti. Anachojua kuhusu ulimwengu wa watu kama yeye kinamfikia kupitia msichana mmoja wa Seattle aliyekutana naye kwenye mashindano ya kuogelea, anayemtumia barua na muziki. Mambo haya yote huchukua kurasa nyingi kwa kuwa ndivyo yanavyochukua majira mengi ya joto katika maisha yenyewe, na kuyafupisha ni kumgeuza Cameron kuwa kisa cha mahakamani badala ya mtu.

Tena kuna Coley, msichana wa familia ya wafugaji anayeendesha gari lake mwenyewe, ambaye anapendwa na mji mzima. Cameron hampendi Coley licha ya Miles City. Anampenda kwa sababu Coley ndiye Miles City yenyewe, katika uzuri wake wote, na Coley anapomsaliti, mji na mpenzi vinampotea kwa wakati mmoja. Mwandishi asiyeupenda mji huo asingeweza kuliandika pigo hilo.

Filamu ilishinda tuzo kuu ya majaji katika tamasha la Sundance na ni kazi nzuri, lakini kwa kuanzia ilipoanzia ilikuwa ni hadithi ya kituo. Kitabu ni hadithi ya mahali.

MCHANGIAJI WA NNE

Nawasalimu nyote. Naandika riwaya yangu ya kwanza ya aina hii na nimekwama kwa mhusika wa shangazi. Kila nikimwandika anakuwa katili mtupu, na kila nikijaribu kumpunguzia ukatili anakuwa mpole kiasi kwamba anayoyafanya hayaaminiki. Je, mleta mada, unamwonaje shangazi wa Cameron? Na la pili: hadithi yangu ni ya siku hizi, na kijana ana simu mkononi. Je, mji mdogo bado una nguvu hiyo unayoieleza?

MLETA MADA

Hongera kwa kuanza, na usiache.

Shangazi Ruth ni somo zuri kwa sababu hafanyi lolote kwa chuki. Amemzika ndugu yake, amehamia nyumba isiyo yake ili amlee yatima, anapika, anahangaika, na anaamini kwa moyo wake wote kwamba anamwokoa mtoto na moto wa milele. Anampeleka kituoni kwa upendo. Danforth hampunguzii shangazi upendo ili tumlaumu, wala hatupunguzii madhara ili tumsamehe. Vyote viwili vinakaa katika chumba kimoja. Wafanyakazi wa kituo wameandikwa vivyo hivyo, na mmoja wao ni mtu anayesema amejibadili mwenyewe na ambaye huzuni yake inamtia huruma hata Cameron. Nje ya riwaya, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa juhudi za namna hiyo hubadili mwelekeo wa mtu, na mwaka 2013 Exodus International, shirika kubwa lililozieneza tangu 1976, lilifungwa baada ya kiongozi wake kuomba radhi hadharani. Mwandishi haandiki taarifa hizo ndani ya hadithi. Anamwandika shangazi aliyeamini, na msomaji anauona uchungu wa imani iliyowekwa mahali pasipostahili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usimpunguzie ukatili, mwongezee sababu. Jiulize anaogopa nini, na nani mjini atamwuliza kuhusu mtoto huyu siku ya ibada. Shangazi wa mji mdogo hamlei mtoto peke yake. Analea mbele ya macho ya watu anaowahitaji akiugua.

Kuhusu simu, naamini imeubadilisha upweke lakini haikuufuta. Cameron hakujua kama wapo wengine. Kijana wako anajua kwamba wapo maelfu, anawaona kila usiku, na asubuhi anaamka mahali ambapo hakuna hata mmoja wao. Huo ni upweke wa namna nyingine, wenye wivu ndani yake. Na usidhani intaneti inamtoa mjini. Mtafiti Mary L. Gray aliishi na vijana wa mashambani mwa Kentucky na maeneo jirani, na kitabu chake cha mwaka 2009, "Out in the Country", kinaeleza jinsi walivyochanganya waliyoyapata mtandaoni na sehemu za kawaida walizokuwa nazo. Kundi moja la vijana lilikuwa likienda katika duka la Wal-Mart usiku, wavulana wakiwa wamevalia mavazi ya kike, kutembea kati ya rafu. Hawakuwa na klabu wala mtaa wao. Walikuwa na duka ambalo kila mtu hulitembelea. Laiti ningeisoma riwaya yenye sura kama hiyo: furaha, hatari, taa nyeupe za dukani, na mama wa rafiki yako akiwa kwenye foleni ya malipo.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimerudi. Mfano wa dukani umenigusa, na naanza kuona kwamba kubaki nako kunaweza kuwa na msuko. Nina swali la mwisho: vitabu hivi vinawafikiaje vijana wenyewe? Kijana wa mji kama huo hawezi kukinunua mbele ya watu.

MLETA MADA

Kwa kawaida kupitia maktaba, na ndiyo sababu mapambano kuhusu maktaba ni makali. Mwaka 1993, nakala za "Annie on My Mind" ya Nancy Garden, riwaya ya mwaka 1982 ambayo wasichana wake hawaadhibiwi mwishoni, zilitolewa bure kwa shule za eneo la Kansas City. Nakala moja ikachomwa moto hadharani, na wilaya ya shule ya Olathe, Kansas, ikakiondoa kitabu rafuni. Wanafunzi na wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1995 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba kukiondoa kwa sababu ya mawazo yaliyomo kulivunja Katiba. Mwaka 2014 bodi ya shule ya Cape Henlopen, Delaware, ilikiondoa kitabu cha Danforth katika orodha ya usomaji wa likizo ikitaja lugha yake, kisha, kelele zilipozidi, ikaifuta orodha nzima.

Jijini kitabu kikiondolewa katika maktaba moja kinapatikana nyingine. Katika mji wenye maktaba moja, nakala hiyo ndiyo ilikuwa nakala yote ya mji. Nawasihi wanaoishi katika miji ya namna hiyo wamwombe mkutubi aviagize vitabu hivi. Si lazima anayeomba awe ndiye anayevihitaji, na ombi la mtu mzima humwondolea kijana hatari ya kuomba yeye. Kijana mwenyewe mara nyingi havichukui nyumbani. Huvisoma kwenye kona, kurasa chache chache, kwa hiyo kitabu kinachoonekana hakiazimwi huenda kinasomwa kuliko vyote.

Kwa wanaotaka kuanza, anzeni na "Deliver Us from Evie", kwa kuwa ni fupi na sauti ya Parr inamvuta hata msomaji asiyezoea. "Cameron Post" ifuate mkiwa na nafasi ya kutosha, na msiruke nusu ya kwanza. Ndugu unayeandika, ukimaliza sura ya shangazi, iweke hapa tuisome.